Mjukuu wa Jaji Mkuu kwenye Mstari wa Mbele

Jumamosi tarehe 29 Aprili 2006, katika ukumbi wa Radio City Music Hall mjini New York, ligi ya NFL iliwagawia timu zake vijana waliomaliza kucheza vyuoni. Timu ni 32, na katika kila raundi zamu hupita kutoka timu moja hadi nyingine. Raundi ya kwanza ilipofika nafasi yake ya mwisho, New York Giants walimchukua mlinzi wa Boston College, kijana wa miaka 23, mwenye kimo cha karibu mita 1.96 na uzito wa kilo 120 hivi. Jina lake Mathias Kiwanuka.

Mtu wa Uganda akilisikia jina hilo, swali lake la kwanza halihusu mpira. Atauliza: huyu ni wa yule Ben Kiwanuka? Ndiyo, ni mjukuu wake. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu, ambaye askari wa Idi Amin walimtoa mahakamani na asionekane tena. Wengi wetu wa Kasese na Bwera tuliijua kwanza barabara ya Kampala yenye jina lake, kule chini karibu na vituo vya teksi, kabla ya kumjua mwenyewe. Ndiyo maana nataka kuisimulia safari ya mjukuu huyu kuanzia mbali kuliko magazeti ya michezo yanavyoanza. Magazeti huanzia shule ya sekondari mjini Indianapolis. Safari yenyewe ilianzia Kampala, na katika mwanzo huo milima yetu ya Rwenzori ina sehemu yake.

Benedicto alizaliwa Masaka mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo lugha yake ya kila siku ilikuwa Kiswahili. Vita vilipokwisha akarudi kwenye vitabu: akasoma Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho, kisha akaenda London kusomea sheria, akarejea nyumbani mwaka 1956 akiwa wakili. Miaka miwili baadaye alikuwa rais wa chama cha Democratic Party. Uchaguzi wa Machi 1961 ulisusiwa na sehemu kubwa ya Buganda, DP wakashinda, na Julai mwaka huo Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipopata serikali yake ya ndani, akawa Waziri Mkuu. Hakukaa miezi miwili. Uchaguzi wa mwezi Aprili uliwapa ushindi Milton Obote na washirika wake wa Kabaka Yekka, na bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba, aliyekuwa jukwaani kama kiongozi wa serikali alikuwa Obote.

Kwetu sisi wiki zile chache za Kiwanuka zina uzito wa pekee. Machi 1962 ndipo wajumbe wa Wakonzo na Waamba, wakiongozwa na mwalimu Isaya Mukirane, walipotoka katika baraza la ufalme wa Tooro. Walikuwa wamedai watambuliwe ndani ya katiba ya Tooro kama watu sawa na wengine, wakakataliwa, wakadai wilaya yao wenyewe. Kampala serikali moja ilikuwa ikijiandaa kuondoka na nyingine kuingia, na huku milimani moto ulikuwa umeshawaka. Tarehe 30 Juni mwaka huo Rwenzururu, nchi yao ya milimani, ikajitangaza, na wilaya iliyodaiwa haikupatikana hadi 1974. Aliyeitoa alikuwa Idi Amin, mtu yule yule ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemwangamiza Benedicto Kiwanuka. Mambo haya mawili yamekaa katika kumbukumbu ya nchi yetu pamoja, na sioni njia ya heshima ya kulitaja moja na kuliacha jingine.

Amin ndiye aliyemtoa Kiwanuka gerezani. Obote alikuwa amemfunga tangu 1969. Mapinduzi ya Januari 1971 yalipofanyika, wafungwa wa kisiasa waliachiwa, na katikati ya mwaka huo Amin akamteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kiti hicho. Wengi walidhani sheria imepata kivuli cha kujisitiri. Septemba 1972 Mahakama Kuu ililetewa kesi ya Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi bila shtaka, na Jaji Mkuu akaamuru aachiwe, akiandika wazi kwamba wanajeshi hawana mamlaka ya kumkamata mtu namna ile. Siku hizo hizo, tarehe 17, wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania, na serikali nzima ikaingiwa na hofu. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mchana, wakamchukua Jaji Mkuu, wakaondoka naye. Maiti yake haijapatikana hadi leo.

Mwaka huo na ile iliyofuata, kila aliyeweza kuondoka aliondoka. Wahindi walifukuzwa kwa tangazo. Wasomi wa Kiafrika walitoroka kimyakimya, wengine kwa barabara ya Kenya, wengine kwa njia zetu hizi za Kasindi kuingia nchi iliyoitwa Zaire. Wazazi wa Mathias walihamia Marekani katika miaka hiyo ya 1970, na mtoto akazaliwa Indianapolis, jimbo la Indiana, tarehe 8 Machi 1983.

Indianapolis ya mwaka huo haikuwa hata na timu ya NFL. Ilikuwa inajenga uwanja mkubwa wenye paa kwa matumaini kwamba timu itakuja, na ikaja: Machi 1984 Colts walihamishwa kutoka Baltimore, Mathias akiwa ametimiza mwaka mmoja. Mwaka huo huo wa 1984 Mganda mwingine wa nasaba kubwa aliwasili Marekani, naye ni wetu wa Kasese. Charles Wesley Mumbere, mwana wa Isaya Mukirane, alikuwa amerithi kiti cha Rwenzururu mwaka 1966 akiwa mvulana tu, akashuka milimani mwaka 1982 baada ya makubaliano na serikali, kisha akapelekwa Marekani kusoma. Masomo yalikatika, na kwa miaka mingi Omusinga, yaani mfalme huyo, alifanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za matunzo, akaishia Harrisburg, Pennsylvania, bila majirani kujua ni nani, hadi mwaka 2009. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo ufalme wake ulitambuliwa rasmi hapa Kasese. Mjukuu wa Jaji Mkuu alikuwa katika msimu wake wa nne wa NFL. Huwa nawafikiria wawili hawa kwa pamoja, mmoja akiwageuza wazee kitandani usiku, mwingine akikimbia na kofia ngumu kichwani mbele ya watu 80,000, wote wakiwa wamefikishwa pale na mambo yaliyoanza Uganda ya 1962.

Shule ambayo Mathias alisoma inaitwa Cathedral High School. Ni shule ya Kikatoliki iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1918 na kufundishwa na mabruda wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Msomaji wa Bwera aliyezidi miaka sitini atalikumbuka shirika hilo bila kusaidiwa. Wamisionari wake Wamarekani walifika Uganda magharibi mwaka 1958. Mmoja wao, Vincent McCauley, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961, na jimbo lake lilichukua Kasese yote pamoja na parokia zetu za mpakani, mpaka Kasese ilipopata jimbo lake mwaka 1989. Kwa hiyo watu wa shirika lile lile waliofundisha katika shule ya Indianapolis ndio waliofundisha vijana wa Fort Portal. Sisemi kuna mkono uliopanga jambo hilo. Nasema tu kwamba familia ya Kikatoliki kutoka Masaka ilipotua katika mji wa baridi usio na ndugu, haikukuta kila kitu kigeni.

Kwa kijana wa Marekani shule ya sekondari ndiyo timu yake ya kwanza ya kweli. Huko mpira wao huchezwa Ijumaa usiku chini ya taa, mtaa mzima unakuja, na zaidi ya wavulana milioni moja nchi nzima huvaa kofia ngumu na pedi za mabega kila mwaka kwa ajili ya shule zao. Katika NFL, mwisho wa ngazi, wanaopata nafasi hawafiki 1,700. Kati ya idadi hizo mbili kuna chuo kikuu, na sheria ya ligi haikuruhusu wala hairuhusu mtu kuingia moja kwa moja kutoka sekondari: lazima ipite miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari. Kwa hiyo kocha wa chuo anayekuja kumtazama kijana wa miaka 17 humwangalia mambo mawili kwa wakati mmoja, mguu wake na ripoti yake ya darasani. Aliyekosa alama anazotakiwa hapokelewi hata kama ana nguvu za nyati.

Mathias alipokelewa na Boston College. Ni chuo cha Wajesuiti, kilianzishwa mwaka 1863 kwa ajili ya watoto wa wahamiaji wa Kiayalandi wasiokubaliwa kwingine. Alifika 2001. Mwaka wa kwanza hakucheza mechi hata moja, na hilo halikuwa adhabu. Ni desturi ya vyuo vya huko. Kijana huwekwa pembeni mwaka mzima, anafanya mazoezi na timu, anakula, anajenga mwili, anasoma mbinu, na mwaka wake wa kucheza unahifadhiwa. Naona hekima kubwa katika desturi hiyo. Kwetu mvulana akionyesha kipaji Januari, Februari tayari amechezeshwa hadi goti limevimba.

Hapa inafaa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumeona mchezo huu katika filamu tu, na filamu hupenda mrushaji na mkimbiaji. Uwanja ni yardi 100. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga mbele yardi 10. Ikifaulu inapata manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Akili ya timu yenye mpira ni mrushaji, kwotabeki, ambaye hurudi nyuma hatua chache, akatafuta mwenzake aliye huru, na kurusha. Mbele yake wanasimama watu watano wakubwa mno, wengine kilo 140 na zaidi, wenye kazi moja ya kumkinga. Upande wa pili wa mstari ndiko alikokuwa Mathias. Yeye alikuwa mlinzi wa ukingoni, mtu wa mwisho kwenye mstari wa mbele, na kazi yake ilikuwa kulipita lile jitu lililo mbele yake na kumfikia mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi. Muda alionao ni kama sekunde tatu.

Katika sekunde hizo tatu kuna elimu nyingi. Hatua ya kwanza lazima itoke mpira unapotikisika. Aliyechelewa kidogo ameshakamatwa. Mikono hupigana kabla ya mabega: unampiga mwenzako kifundo cha mkono asikushike, unainamisha bega la ndani, unazunguka karibu na ardhi kwa pembe ambayo mtu mrefu hapaswi kuiweza. Mara ya kwanza unapita nje. Mara ya pili unajifanya unapita nje na kukata ndani. Mara ya tatu unamsukuma kifuani tu ili achoke, ukijua malipo yatakuja robo ya nne. Mlinzi mzuri hushindwa mara nyingi sana katika mechi moja. Akimwangusha mrushaji mara moja au mbili amefanya kazi ya siku nzima.

Hesabu hiyo ya kumwangusha mrushaji ndiyo kipimo cha watu wa nafasi yake, na walinzi wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja huandikiwa nusu. Kati ya 2002 na 2005, chini ya kocha Tom O'Brien, Mathias alifikisha 37.5, rekodi ya chuo chake. Mwaka 2004 alitajwa mlinzi bora wa mwaka wa ligi ya Big East. Angeweza kuondoka hapo. Miaka mitatu ya sheria ilikuwa imepita na jina lilikuwa juu. Alibaki. Akarudi kwa msimu wa 2005, chuo kikiwa kimehamia ligi ya ACC yenye timu ngumu zaidi. Mlinzi anayerudi hivyo huhatarisha mamilioni ya dola, maana goti moja likikatika Oktoba hakuna atakayekumbuka rekodi za mwaka uliopita. Uamuzi wa kumaliza kilichoanzwa chuoni, kwa mtu aliyetoka katika ukoo wa mwanasheria aliyekwenda Lesotho na London kutafuta vyeti akiwa mtu mzima, haunishangazi.

Kila mwaka kabla ya kuchagua, NFL hukusanya vijana mia tatu na ushei na kuwapima: mbio, kuruka, kunyanyua vyuma, vipimo vya daktari, mahojiano. Kwa miongo kadhaa kazi hiyo imefanyika Indianapolis. Kisha yakaja majina ya Aprili. Giants walikuwa na nafasi ya 25, wakaiuza kwa Pittsburgh Steelers wapate nafasi ya 32 pamoja na nafasi nyingine mbili za raundi za chini, na katika 32 hiyo wakamchukua Mathias. Kocha wao, Tom Coughlin, aliwahi kuifundisha Boston College miaka ya mwanzo ya 1990.

Wachambuzi walishangaa kwa sababu Giants walikuwa na walinzi wa ukingoni wa kutosha. Michael Strahan alikuwa ameshaweka rekodi ya ligi mwaka 2001 kwa kuwaangusha warushaji mara 22.5. Osi Umenyiora, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kinigeria aliyeishi sehemu ya utoto wake Nigeria, alikuwa katika ubora wake. Justin Tuck alikuwa ameingia mwaka mmoja kabla. Sasa anakuja wa nne. Lakini Coughlin na wenzake waliamini kwamba mtu wa kumfikia mrushaji hazidi, na historia iliwapa haki.

Novemba 26 mwaka huo, mjini Nashville, Mathias alipata somo ambalo Wamarekani hawajalisahau. Giants walikuwa wakiongoza Tennessee Titans kwa 21–0 wakaingia nazo robo ya nne. Titans wakaanza kurudi. Zikiwa zimebaki dakika chache, 21–14, Titans walikuwa kwenye jaribio la nne na yardi 10 mbele yao. Wakishindwa, mchezo umekwisha. Mathias akampita mkinzani wake, akamfikia Vince Young, mrushaji kijana, akamshika kiunoni kwa mikono miwili. Halafu akamwachia.

Aliamini mpira umeshatoka. Kanuni za NFL humlinda mrushaji: ukimbamiza baada ya kuachia mpira timu yako inaadhibiwa yardi 15 na wapinzani wanapewa majaribio mapya, na waamuzi walikuwa wakali juu ya jambo hilo. Kijana wa mwaka wa kwanza, akiwa na kanuni kichwani na mtu mikononi, alichagua kanuni. Young hakuwa ameurusha. Akageuka, akakimbia yardi 19. Titans wakasawazisha, wakanyang'anya mpira, na sekunde za mwisho wakapiga mpira wa yardi 49 ukapita katikati ya milingoti: 24–21.

Nimelitafakari tukio hilo zaidi ya mengine yote katika maisha yake ya mchezo. Coughlin alikasirika kando ya uwanja dunia nzima ikimwona. Lakini Mathias alisimama mbele ya waandishi akaeleza alichofikiri bila kumtupia mwingine lawama, na wiki iliyofuata alirudi uwanjani. Katika mchezo unaosifu ukali, kosa lake lilikuwa la kujizuia, kosa la mtu aliyeogopa kumwumiza mwenzake kinyume cha sheria. Mimi ningependa kuwa na mtoto anayekosea hivyo.

Mwaka 2007 walimhamisha. Alipotoka mstari wa mbele aliwekwa safu ya pili, mahali ambapo mlinzi lazima asome mchezo akiwa amesimama, afukuze wakimbiaji, na wakati mwingine arudi nyuma kuwakaba wapokeaji wepesi. Kwa mtu wa kilo 120 ni kujifunza kazi upya. Aliikubali. Tarehe 18 Novemba, Detroit, mfupa mwembamba wa mguu wake wa kushoto ukavunjika, na msimu wake ukaishia hapo. Giants wasiotarajiwa na yeyote wakashinda mechi baada ya mechi ugenini, na tarehe 3 Februari 2008, Arizona, wakawakabili New England Patriots ambao hawakuwa wameshindwa mchezo wowote kati ya 18. Walinzi wa mstari wa mbele, Strahan, Umenyiora na Tuck, walimwandama mrushaji Tom Brady usiku kucha. Giants walishinda 17–14. Mathias alipata pete ya ubingwa kama wenzake wote, lakini mchezo wenyewe aliutazama kutoka pembeni.

Strahan akastaafu. Agosti 2008 Umenyiora akaumia goti kabla msimu haujaanza, na mtu aliyedhaniwa wa ziada akarudishwa ukingoni. Msimu huo aliwaangusha warushaji mara 8. Mwaka 2010 alianza kwa moto, mara 4 katika mechi tatu za kwanza, kisha madaktari wakaona diski ya shingo yake imetokeza. Shingo si goti. Mchezaji wa mstari wa mbele hugonga kwa kichwa na mabega makumi ya mara kila mechi, na diski iliyotoka mahali pake inaweza kumlaza mtu maisha yake yote. Alikaa nje msimu uliobaki, na haikuwa hakika kwamba angecheza tena.

Alicheza. Msimu wa 2011 alitumika huku na huku, safu ya pili na mstari wa mbele, popote palipokuwa na pengo, katika mechi zote. Giants wakajikokota: walifika wiki ya mwisho na ushindi nane tu, wakaingia hatua ya mtoano kwa mlango mwembamba, wakawatoa Atlanta, wakawatoa mabingwa Green Bay kwao, wakawatoa San Francisco katika mvua na muda wa nyongeza. Super Bowl ya mwaka huo ilikuwa imepangiwa Indianapolis.

Tarehe 5 Februari 2012, katika uwanja wa Lucas Oil, mji aliozaliwa, Mathias Kiwanuka aliingia kucheza mchezo aliokuwa ameutazama akiwa na mguu mbovu miaka minne nyuma. Wapinzani walikuwa wale wale, Patriots wa Brady. Katika jaribio la kwanza kabisa la Brady, walinzi walimsukuma hadi akarusha mpira mahali pasipo na mtu akiwa ndani ya eneo lake mwenyewe, na Giants wakapata pointi mbili za kwanza za mchezo. Ushindi ulikuja mwishoni, 21–17. Mji ambao haukuwa na timu alipozaliwa ulimwona akiwa bingwa.

Alibaki Giants hadi Machi 2015 walipomwachia. Misimu tisa, timu moja, akiwa amewaangusha warushaji mara 38.5, moja tu zaidi ya alivyofanya chuoni. Si idadi ya kumweka katika jumba la mashujaa. Ni idadi ya mtu aliyehamishwa nafasi mara kwa mara kwa faida ya wengine na aliyeumia vibaya zaidi ya mara moja, katika ligi ambako wachezaji wengi hawamalizi hata misimu minne.

Ninapowatazama vijana wa Mpondwe, huku kwetu mpakani, wakibeba magunia ya kahawa siku za soko, mabega yao hayana upungufu wowote mbele ya mabega ya Indiana. Kilichopungua ni ngazi. Mvulana wa Kasese mwenye kipaji cha soka anaweza kupata nafasi ya bure katika shule kubwa za Kampala zinazotafuta makombe, na hapo mara nyingi ndipo hesabu ya darasani inaposahauliwa. Akiumia kidato cha tano anarudishwa nyumbani bila cheti na bila mguu. Ngazi ya Mathias ilikuwa na ukali wake, lakini kila kipago kilikuwa shule, na mtu angeweza kuteleza akaangukia kwenye shahada.

Mlango mwingine umeanza kufunguka. Mwaka 2013 Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Nairobi ambaye hakuwahi kucheza mpira huu hata siku moja, alisajiliwa na Colts, timu ile ya Indianapolis, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani. Mwaka 2017 NFL ilianzisha mpango wa kuwaandaa wachezaji wa nchi za nje. Kambi ya kwanza ya ligi barani Afrika ilifanyika Accra mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikaja Nairobi. Anayeongoza kazi hiyo ni Osi Umenyiora, yule aliyesimama na Mathias kwenye mstari mmoja na ambaye goti lake lilimrudishia nafasi. Anatafuta warefu wenye mikono mirefu na hatua ya kwanza ya haraka, na hajali kama wametoka kwenye raga, mpira wa kikapu au riadha.

Walimu wa michezo wa Bwera na Kasese wenye kijana wa namna hiyo wanahitaji kujua jambo moja mapema. Chuo cha Marekani hakitamchukua kwa kimo chake peke yake. Kinadai masomo ya msingi 16 ya ngazi ya sekondari yenye alama za kutosha, na kwa Mganda matokeo ya mitihani ya taifa ya UCE na UACE ndiyo yatakayosomwa. Kwa hiyo kazi ya mwalimu huanza kidato cha kwanza, kwenye daftari la hesabu na la Kiingereza, miaka mitano au sita kabla ya mtu yeyote kuja na saa ya kupimia mbio.